Protini ya maziwa kuzuia kitambaa kushika moto: inafaa kwa aproni za mama lishe?

FundiMbuyuni (Moshi)
Wakuu, shikamooni. Nashona aproni za mama lishe wanaopikia mkaa na kuni. Pamba inashika moto haraka mno: cheche ikitua kwenye pindo, kabla hajageuka mwali umeshapanda kiunoni. Dawa za bromini za kuzuia moto sizitaki kabisa, baadhi zilipigwa marufuku na Mkataba wa Stockholm (wa kimataifa, wa kemikali sumu zisizooza) tangu 2009 kwa sababu hujikusanya mwilini hadi kwenye maziwa ya mama. Nimesikia protini ya maziwa inafanya kazi hiyo. Ni kweli?

Mkemia_Sakina (Arusha)
Marahaba fundi. Ni kweli. Watafiti wa Politecnico di Torino, Italia, walipaka pamba kaseini, ile protini inayoganda ukitia siki kwenye maziwa. Kaseini ina fosforasi. Ikipata joto, fosforasi hugeuka asidi, huiondolea pamba maji, na pamba inakuwa mkaa badala ya kutoa gesi. Gesi ndiyo chakula cha mwali. Walijaribu hata DNA ya samaki, nayo ina fosforasi.
Kikwazo ni maji. Ukifua, kaseini inatoka.

FundiMbuyuni
Basi hapo imeniishia. Aproni ya mama lishe inafuliwa kila jioni, tena kwa kusugua.

MamaNg'ombe_Marangu
Na ukiiloweka kwenye maziwa masika haya, mwanangu, itaota ukungu na panya wataitafuna. Maziwa tuletee tunywe.

Mkemia_Sakina
Fundi, protini isiyotoka kwa kufua ipo: sufu. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Pamba huendelea kuwaka hata kwenye 18 hivi, sufu inataka kama 25. Ndiyo maana ukiondoa moto, sufu kwa kawaida hujizimia. Shonea kipande mbele, kifuani hadi magotini. Ila usimwambie mteja kwamba haiungui. Inaungua, inachelewa tu.

FundiMbuyuni
Hiyo naiweza! Blanketi za mtumba zipo soko la Memorial hapa Moshi, lakini nyingi zimechanganywa.

Mkemia_Sakina
Chomoa uzi, uushike kwa kibano, uwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inajikunja, jivu lake jeusi linasagika vidoleni. Poliesta inayeyuka na kudondoka, ikipoa ni kishanga kigumu. Hiyo usiiguse kwa kazi hii, inagandia ngozini.

FundiMbuyuni
Asante sana. Blanketi nene nitatumia sindano namba 16. Nashona ya mama mmoja wa chapati kwanza, nione kama joto la sufu atalivumilia mchana.