Uga wa sumaku unaingia kweli ndani ya supakondakta?

Mdau_A: Wakuu, wanafizikia Meissner na Ochsenfeld 1933 walionyesha supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikiwa baridi sana) inafukuza uga wa sumaku, sasa mbona naambiwa unaingia kidogo?

Mdau_B: Unaingia mkuu. Ule mkondo wa umeme unaoukinga uga usiingie lazima upite mahali flani, hauwezi kukaa kwenye unene wa sifuri, ndo maana wanafizikia ndugu Fritz na Heinz London mwaka 1935 walipopiga hesabu wakakuta uga unafifia kadiri unavyozama, ukifika kina kinachoitwa kwa jina lao, kina cha London, umebaki kama asilimia 37 tu. Kwa madini ya risasi kina hicho ni nanomita 40 hivi.

Mdau_C: Na jotoridi muhimu sana! Ukikaribia kelvini 7.2 kina kwenye risasi kinakua balaa, ukipita hapo usupakondakta kwisha.

Mdau_A: Utando mwembamba kuliko hicho kina je?

Mdau_B: Uga ukiwa sambamba nao, unapenya karibu wote.