Wiki mbili Ulaya na watoto wakubwa, nataka kutulia: naombeni ushauri

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Nina kijana wa miaka 16 na binti wa 13. Agosti nawapeleka Ulaya siku 14: Paris, Amsterdam, Vienna, Roma, Barcelona. Sitaki mchakamchaka. Nikianza kupanga usiku silali, siku hazitoshi. Nishaurini.

Mzee wa Reli: Dada, miji mitano ndiyo mchakamchaka wenyewe. Futa mitatu. Paris hadi Amsterdam kwa treni ni kama saa tatu na nusu, na inakushusha katikati ya mji.

Bint Pangani: Mimi Paris nilipanga makumbusho kila asubuhi. Siku ya tatu mwanangu alikaa kwenye ngazi za treni ya chini ya ardhi, kakumbatia begi lililong'oka gurudumu, akasema, "Mama, leo tusiende popote." Tukashinda bustani ya Luxembourg tunakula mkate na jibini. Mpaka leo anaisimulia siku hiyo. Makumbusho ya Louvre hata hayataji.

Kobe: Wameshafika Kilwa hao? Mtoto aijue kwanza nchi yake.

Karani: Viza unaombea nchi mtakayolala usiku mwingi zaidi. Ada ni euro 90 kila mmoja, maana wote wamevuka miaka 12. Bima isipungue euro 30,000. Baba yao mnakwenda naye?

Mama Wawili: Tuko watatu tu. Viza naiweza, nielekezeni hoteli.

Karani: Baba yupo?

Mama Wawili: Yupo. Tumetengana mwaka wa nne huu. Hajajua. Ndege nimeshalipia, ada za shule nalipa mimi, sasa ruhusa ya nini? Nitamwambia tukikaribia.

Karani: Hapo ndipo penye shida, si hoteli. Hao hawajafika miaka 18. Inatakiwa ridhaa ya baba kwa maandishi, au hati ya mahakama kwamba malezi ni yako peke yako.

Sharubu: Chai hii. Nani analipia ndege tatu kabla ya viza? Leteni maandazi.

Kobe: Hata mimi nimeshtuka.

Bint Pangani: Muacheni. Bei ikishuka usiku wa manane unalipa kwanza, akili inakuja asubuhi.

Mama Wawili: Si chai, kaka. Pasi zao ziko mezani hapa. Kwenye picha binti ana nywele alizosukwa na shangazi yake, dada wa huyo huyo baba. Nitamtuma yeye akaongee.

Karani: Usimtume mtu. Piga mwenyewe, leo. Barua iwe na namba za pasi na tarehe za safari, asaini mbele ya wakili, aambatishe nakala ya kitambulisho chake.

Mzee wa Reli: Na binti mpeleke nyumba ya Anne Frank huko Amsterdam, yule msichana Myahudi aliyeandika shajara akijificha Wanazi. Alipoingia mafichoni mwaka 1942 alikuwa na miaka 13 hiyo hiyo. Tiketi hutolewa mtandaoni kila Jumanne, za wiki sita mbele.

Mama Wawili: Nimepiga. Alikaa kimya, kisha akauliza kama kijana bado anatapika kwenye ndege. Amesema nimpelekee barua Jumatatu aisome kwanza. Vienna na Barcelona nimefuta. Roma imeniuma, nayo nimefuta. Paris usiku 8, Amsterdam 5.

Karani: Basi faili ni la Ufaransa. Jumatatu nenda na pasi zote mbili, aone namba kwa macho yake.