Barua pepe za kutoka nje haziingii kwenye seva ya ofisi, msaada wakuu

Kaskazi_Tanga: Habari za leo wakuu. Sisi ni ofisi ndogo ya wakala wa forodha, barua pepe tunaziendesha wenyewe kwa Postfix (programu ya seva ya barua pepe) kwenye Debian (aina ya Linux), seva iko hapa hapa ofisini. Juzi tumehama kampuni ya intaneti, tukafungiwa faiba na rauta mpya. Tangu hapo sisi kwa sisi tunaandikiana bila shida, na tukituma nje zinafika (zinapitia seva ya nje tunayoilipia). Ila mteja akitutumia hati za mzigo, kimya. Rekodi ya MX (inayosema barua za domeini yetu ziende seva ipi) haijaguswa, rekodi ya A (inayotaja IP ya seva hiyo) nimeihamishia IP mpya, ile ninayoonyeshwa na zile tovuti za kuangalia IP. Kwenye rauta, poti 25 (mlango wa kupokelea barua) nimeielekeza kwenye seva. Nikiigonga poti hiyo kwa telnet hapa ofisini inajibu 220, yaani iko tayari. Naanzia wapi?

Babu_Kebo: Angalia spamu mkuu, mara nyingi zinamezwa humo.

mzee_wa_logi: Spamu baadaye. Chujio halizuii kitu ambacho hakijafika. Fungua logi ya barua, tail -f /var/log/mail.log, halafu mtu akutumie kutoka Gmail. Ukiona "Relay access denied", domeini yako haimo kwenye mydestination (orodha ya domeini ambazo Postfix inazipokelea barua). Ukiona 452, diski imejaa. Ukiona 450, huenda ni greylisting (mtumaji mgeni anakataliwa kwa muda ili ajaribu tena), itarudi yenyewe. Usipoona mstari wowote, Postfix muache kwanza, shida iko njiani.

Kaskazi_Tanga: Hakuna hata mstari mmoja wa kutoka nje.

fundi_rauta: Hiyo telnet ya ndani haithibitishi chochote, huenda haijatoka hata nje ya rauta. Jaribu ukiwa nje, na usitumie bando la simu maana mitandao mingi hufunga poti 25 kwa mteja, utapata jibu la uongo. Tumia VPS (seva ya kukodi iliyoko kwenye intaneti). Kisha ingia kwenye rauta, ukurasa wa WAN (upande wa intaneti), utuambie IP inaanzaje.

Kaskazi_Tanga: Kwenye VPS inaganda tu mpaka muda unaisha. WAN inaanza na 100.81. Ile ya tovuti inaanza na 41!

fundi_rauta: Hapo hapo. Kuanzia 100.64 hadi 100.127 ni anwani zilizotengwa mwaka 2012 kwa ajili ya CGNAT (kampuni ya intaneti kuwapa wateja wengi IP moja ya umma). Hiyo ya 41 mnachangia na wateja wengine, kama S.L.P. moja ya mtaa mzima. Mnachotuma kinatoka kwa sababu mtambo wao unakumbuka muunganisho ulioanzia kwenu, ila anayegonga poti 25 kutoka nje anaishia kwao, rauta yako haisikii. Utaelekeza poti mpaka kesho. Omba IP ya umma ya kudumu, na waulize kwa maandishi kama poti 25 ya kuingia iko wazi.

Babu_Kebo: Au hamieni Google mlale usingizi 😂

Kaskazi_Tanga: Bosi hataki kusikia habari za kulipia kila mtu kila mwezi. Kampuni ya intaneti wanasema IP ya kudumu ni mpaka kifurushi cha biashara, na foleni ipo. Za wateja zitapotea?

mzee_wa_logi: Za sasa bado ziko kwenye foleni za watumaji. Postfix kwa mfano hujaribu siku 5 ndipo irudishe. Zilizokwisharudi, waombe wateja wazitume upya.

Wakati unasubiri, tumia hiyo VPS kama ni yako, baada ya kuhakikisha mwenye VPS hajafunga poti 25. MX ielekee huko, Postfix ya huko ipitishe barua hadi ofisini kwa WireGuard (VPN). Seva ya ofisi ndiyo ianzishe muunganisho, na uweke PersistentKeepalive 25 (itume ishara kila sekunde 25), la sivyo CGNAT itausahau. Kwenye VPS, relay_domains (domeini inazozipitishia barua) iwe domeini yenu peke yake, na orodha ya watumiaji iwe kwenye relay_recipient_maps, vinginevyo itapokea takataka za majina yasiyokuwepo kisha iwarudishie watu wasiohusika. Ukaguzi wa SPF (kama seva iliyotuma imeruhusiwa na domeini ya mtumaji) nao uhamishie huko, maana ofisini kila barua itaonekana imetoka VPS.