Ushauri wa haraka: mgahawa wa Kithai hapa Mbeya, niwapeleke wageni au niachane nao?

Kijana wa Forest (mleta mada):
Wakubwa shikamooni, wengine salaam.

Wakuu, usingizi sipati. Kuna mgahawa wa Kithai umefunguliwa hapa mjini. Jina silitaji, sitaki kumharibia mtu biashara. Juzi nilienda na mchumba wangu kuonja, na mpaka sasa sijui niseme pazuri au pabaya.

Supu yao ya tom yum nimeikubali. Baridi ya Julai mnaijua. Ililetwa inafuka, mafuta mekundu ya pilipili yanaelea juu, mchaichai umepondwa kwa ubapa wa kisu ukatupiwa humo mzimamzima. Uchachu wa ndimu unatangulia, pilipili inakufuata kooni ukiwa umeshameza.

Kilichofuata kikanivuruga. Pad thai ya mwenzangu tambi zimeshikana bonge moja, tamu kama zimemwagiwa tomato sosi, ukwaju hata harufu hakuna. Curry yangu ya kijani ilikuja yeye ameshamaliza kula, tui jepesi kama maji ya mchele. Mhudumu mstaarabu sana, aliomba radhi vizuri.

Swali langu: sehemu kama hii unaweza kuleta wageni wa heshima? Nawasilisha.

Kiazi Mviringo:
Wageni wa heshima Mbeya wanapewa nyama choma na ndizi, maziwa ya mgando pembeni. Uzi ufungwe.

Dada wa Makambako:
Mimi shemeji yangu alinipeleka kwa Wachina, Dar. Nikapewa vijiti, nikahangaika navyo mpaka chakula kikapoa, shemeji anacheka tu. Tangu siku hiyo nikialikwa popote nauliza kwanza nakula na nini. Ila Wathai wenyewe wanakula kwa kijiko na uma, vijiti ni vya supu za tambi. Kwa hilo usiwe na wasiwasi.

Mpishi Mstaafu:
Mleta mada, unazunguka. Wageni ni akina nani, wanakuja lini, na kuna asiyekula kitu fulani? Jiko la Kithai lina karanga, lina kamba, lina samaki wa kuvundikwa kwa chumvi. Sema tukushauri.

Kijana wa Forest:
Ni wakwe, mkuu. Mahari imeshatoka, sasa wazazi wa pande mbili wanakaa meza moja kwa mara ya kwanza. Jumapili hii.

Mpishi Mstaafu:
Hujajibu swali la mwisho.

Kijana wa Forest:
Mzio hakuna mwenye nao. Ila baba mkwe ni mzee wa kanisa, Msabato.

Mama Lwitiko:
Yesu wangu! Yaani hilo ndilo umelificha huku unatusimulia tambi? Walawi 11 iko wazi mwanangu: cha majini kisicho na mapezi na magamba hakiliwi. Kamba hana, chaza hana. Unamwekea mzee wa watu najisi mezani siku ya kupokea mwana!

Mpishi Mstaafu:
Nimekaa jikoni hotelini Unguja miaka mingi, nielewe vizuri. Curry ya kijani inaanza na pasta, yaani rojo zito la kusaga la pilipili mbichi, mchaichai, saumu na mzizi jamaa ya tangawizi, na mara nyingi ndani yake kuna kamba waliosagwa na chumvi. Pilipili ile nyekundu ya tom yum nayo mara nyingi ina kamba wakavu. Pad thai hivyo hivyo. Ukiagiza "ya kuku" unabadilishiwa nyama tu, msingi unabaki uleule. Sosi ya samaki haina shida sana, ni ya samaki wadogo wenye magamba, ndugu wa dagaa. Sosi ya chaza ndiyo uikimbie.

Kijana wa Forest:
Asante mkuu, lakini nimeshalipa nusu na hairudi. Nguruwe nimewakataza. Hiyo pasta imesagwa, kamba haonekani, na mtu anahukumiwa kwa anachokijua. Hoteli ngapi wazee wetu wamekula bila kuuliza? Nataka tu siku iende vizuri.

Mama Lwitiko:
Anahukumiwa yeye asiyejua au wewe unayejua?

Baharia wa Matema:
Wakuu mnahangaika bure, hii chai. Mchumba ni binti wa mzee wa kanisa, alikaa meza moja na supu ya kamba, akala pad thai mpaka akamaliza, hakusema neno? Uzi huu una kamba kuliko hiyo supu. Na Mnyakyusa gani anapokea wakwe mgahawani wakati ana nyumba na migomba?

Kiazi Mviringo:
Chai ya Tukuyu kabisa, majani mabichi. Taja mgahawa, Jumapili tuje kuhakikisha.

Dada wa Makambako:
Mgahawa upo, binamu yangu alipita hapo. Ila hoja ya mchumba hata mimi imenigonga.

Kijana wa Forest:
Si chai. Supu nilikunywa mimi, yeye hakuigusa. Pad thai aliomba ya kuku. Na mgahawani ni yeye aliyetaka, kwao kunavuja na anaona aibu mbele ya wazazi wangu. Ni yeye pia aliyesema baba yake asiambiwe habari za jikoni.

Baharia wa Matema:
Hapo kwenye bati linalovuja nimekuamini. Samahani mkuu.

Mpishi Mstaafu:
Basi okoa ulicholipia. Mpigie mpishi leo, siyo mhudumu. Muulize pasta anatwanga au anafungua kopo. Kama ni kopo, curry ifutwe. Agiza samaki wa mvuke kwa ndimu, saumu na pilipili, sato mzima, mzee aone magamba yalipokuwa. Kuku wa kuchoma. Supu ya tui na kuku, tom kha, mchaichai upo kila ua hapa Mbeya. Wali asilete wa kunata, apike wa Kyela.

Kijana wa Forest:
Nimempigia. Ni kopo, na lebo imeandikwa kamba. Curry, tom yum na pad thai zimetoka. Samaki, kuku na tom kha anaweza, ila anaongeza bei kidogo kwa ajili ya sato. Kumwambia mzee, hapo mimi na mwenzangu bado hatujaelewana.

Mama Lwitiko:
Sasa kuna nini cha kumficha? Mwambie mzee kwamba mpishi ameombwa apike kwa utaratibu wa mzee. Atafurahi huyo.

Mpishi Mstaafu:
Na karai lisuguliwe kabla ya samaki kuingia. Simamia mwenyewe, watangulie kwa masaa mawili.