Naomba ushauri: Nginx imegoma kuongea na Tomcat

Habari za saa hizi wakuu. Nipo Uyole, Mbeya, nasimamia mfumo wa malipo wa ushirika wa wakulima wa viazi. Tuna seva mbili: ya mbele ina Nginx (inapokea maombi ya watumiaji na kuyapeleka nyuma), ya nyuma ina Tomcat (inaendesha mfumo wenyewe), poti 8080. Nikiwa kwenye mashine ya nyuma yenyewe mfumo unafunguka vizuri. Nikipitia ya mbele napata kosa la 502 (seva ya mbele haikupata jibu sahihi kutoka ya nyuma), na logi ya Nginx inaonyesha namba 111, yaani muunganisho umekataliwa. Pingi inapita, na IP kwenye proxy_pass (mstari unaoiambia Nginx ipeleke maombi wapi) nimeihakiki mara tatu.

Jana usiku nimegundua Tomcat inasikiliza 127.0.0.1 tu, yaani inapokea maombi ya kutoka mashine hiyo hiyo peke yake. Nahisi tatizo liko hapo hapo. Je, niiweke isikilize IP ya ndani, halafu fayawoli iruhusu seva ya mbele peke yake? Humo mna madeni ya watu, sitaki kabisa poti hiyo ionekane nje.

Pia, nifanyeje Tomcat isome IP ya mteja badala ya ile ya Nginx? X-Forwarded-For (kichwa cha ombi kinachobeba IP ya mteja) nimeshaiweka kwenye Nginx.

Tangu Jumatatu karani anaandika magunia kwenye daftari, na wakulima wanasubiri hela zao. Aliyewahi kukutana na hili anisaidie tafadhali.