Waosha pikipiki na "asidi" zenu za kwenye chupa ya maji: mmenichoma rimu, mmeniulia breki, halafu mnaniuliza "si imeng'aa bosi?"

Wakuu, salamu baadaye, leo sina.

Naandika nikiwa kijiweni Mbagala, pikipiki iko mbele yangu na kila nikiiangalia roho inaniuma upya. Mimi ni bodaboda wa mkataba. Anayejua mkataba anajua: chombo si chako mpaka hesabu ya mwisho iingie, na mimi nilibakiza wiki saba. Jumamosi nikajisemea bosi anakuja kesho kukagua, ngoja nikaioshe vizuri aone mali yake inatunzwa. Buku mbili tu. Ningejua ningeifuta kwa shati langu.

Nilitoka kushusha abiria Kongowe, injini bado inafuka. Dogo wa kuosha hakusubiri hata nizime vizuri, akaishushia mashine ya presha. Maji baridi kwenye injini ya moto, na mdomo wa mpira ameuelekeza kwenye beringi za gurudumu, kwenye swichi, kila mahali. Nikamwambia dogo taratibu, beringi hizo zinaingia maji. Akanijibu, "Bosi, hii pikipiki, siyo kioo."

Sawa. Halafu akatoa chupa ya maji ya kunywa, ile ya lita moja na nusu, kifuniko kimetobolewa kwa msumari, ndani kuna kitu cha rangi ya waridi. Lebo hakuna. Nikamuuliza hiyo ni nini. "Asidi ya rimu." Asidi gani? Akaniangalia kama nimemuuliza jina la babu yake mzaa bibi. "Asidi, bosi. Inang'arisha."

Na kweli iling'arisha, hapo ndipo ninapojilaumu. Povu likafoka kwenye rimu, uchafu wa miezi yote ukashuka, nami nimesimama natabasamu kama bwege. Nikampa na jero ya soda. Mwishoni akachukua pampu ya mkono, akaipulizia dizeli kuanzia tanki mpaka matairi "ikae kama ya dukani". Nikaondoka kifua mbele.

Kesho yake asubuhi rimu zina mabaka ya kijivu kama mtu mwenye choa. Kifuniko cha klachi kimekuwa cheusi cheusi kama sufuria iliyopikiwa maharage kwa magadi. Nati za ekzosi zimeshaanza kutu, usiku mmoja tu. Nasugua, haitoki. Siyo uchafu ule, ni alumini yenyewe imeliwa.

Hilo bado ni jambo dogo. Nikapata abiria, mama ana mtoto mgongoni. Tunafika Zakhem, daladala mbele ikasimama katikati ya barabara kama kawaida yao. Nikabana breki ya mbele. Hakuna kitu! Nabana kwa nguvu zote, chombo kinaenda. Ya nyuma ikanisaidia kidogo, nikapinda kushoto nikaingia kwenye meza ya muuza machungwa. Hatukuumia, namshukuru Mungu. Mama alishuka hakunilipa na mimi sikuwa na uso wa kumdai. Machungwa niliyalipa.

Fundi alipofungua akanionyesha: diski imelowa dizeli, pedi zimeinywa. Pedi ikishanyonya mafuta haisafishiki, hata uichome moto au uipige msasa, unatupa unanunua nyingine. Bosi naye alipoona rimu akauliza swali moja tu, "Umeichoma na nini?" Kisha akaniongezea wiki tatu kwenye mkataba. Kumi sasa.

Shemeji yangu anafundisha kemia sekondari, jioni nikampelekea lawama zangu. Akacheka kwanza (shemeji huyu ana roho mbaya), kisha akanieleza kitu ambacho nilikariri kidato cha tatu nikakiacha kwenye chumba cha mtihani: alumini inaliwa na asidi na inaliwa na alikali (kinyume cha asidi, kama magadi), huku na huku. Juu yake ina ngozi nyembamba ya oksaidi inayoikinga. Asidi inaivua ile ngozi, chini inabaki alumini uchi, na lile povu lililonifurahisha ni gesi ya haidrojeni inayotoka wakati rimu yangu inatafunwa. Nimelipia kutafunwa, nikatoa na hela ya soda.

Akaniuliza ilikuwa asidi ipi. Ya betri, yaani ya salfuriki? Ya kusafishia vyoo, ambayo mara nyingi ni haidrokloriki? Au haidrofloriki? Alipofika kwenye hiyo ya tatu akaacha kucheka. Hiyo hutumika kwenye baadhi ya dawa za kung'arisha rimu, na ikiwa hafifu inaweza kukugusa mkono usisikie chochote kwa saa nyingi. Inapenya ngozi, inaifuata kalsiamu mpaka kwenye mfupa, na maumivu yakianza kumeshaharibika. Dawa yake ni jeli ya kalsiamu glukoneti, haipozwi kwa dawa ya meno wala asali. Ile chupa ingeweza kuwa yoyote kati ya hizo tatu, au mchanganyiko wa mbili.

Nikarudi kwa mwenye eneo la kuoshea. Sikwenda kupigana, nilitaka kujua anainunua wapi. "Kuna jamaa anapita na dumu." Jamaa gani? "Anapita tu." Nchi hii ina Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani tangu mwaka 2003, ina Mkemia Mkuu wa Serikali, na kemikali inayochoma inatakiwa iwe na alama ya pembe nne yenye mpaka mwekundu na picha ya mkono unaoliwa. Halafu asidi yangu imekuja kwa jamaa anayepita na dumu, ikamiminwa kwenye chupa ambayo mtoto mwenye kiu angeweza kuifungua akapiga funda. Na mwenye eneo ananiambia, "Mbona wengine hawalalamiki?"

Najua mnakuja kuandika "mkuu tumia sabuni ya unga, mbona sisi miaka yote". Mkuu, sabuni ya unga imetengenezwa kutoa jasho kwenye kola. Ikichanganywa na maji pH yake (kipimo cha asidi na alikali) inacheza kwenye kumi hivi, wakati maji safi ni saba, na kila namba ukipanda ni mara kumi. Siku moja huoni kitu. Ukiosha hivyo kila siku rangi ya tanki inafubaa, nta inaondoka, na alumini, kama alivyosema shemeji, haipendi upande huo pia. Na ule mchezo wa kuchanganya dawa ya choo na ya kung'arishia nguo nyeupe ili "ipate nguvu" acheni kabisa, mnatengeneza gesi ya klorini, mtakohoa damu.

Sasa hivi naosha mwenyewe. Nanunua shampuu ya gari kwenye dumu lenye lebo, jina la mtengenezaji na kipimo cha kuchanganya. Hakuna lebo, sinunui hata iwe bure. Injini naiacha ipoe mpaka niweze kuweka kiganja. Ndoo mbili, moja ya povu na moja ya kusuuzia spanji, kwa sababu mchanga wa barabara zetu ukibaki kwenye spanji unakwaruza kama msasa. Uchafu wa rimu unatoka kwa shampuu hiyohiyo na brashi laini, ni uvivu tu. Cheni napiga mafuta ya taa na mswaki wa zamani, si petroli, naifuta ikauke, kisha tone la gia oili SAE 90 kwa ndani huku nazungusha tairi. Grisi hapana, inakamata vumbi mpaka cheni inageuka jiwe la kunolea.

Na hapa kwetu Dar kuna adui mwingine ambaye hakuna anayemtaja: maji ya kisima. Visima vingi huku ni vya chumvi. Unaiosha pikipiki kwa maji yaleyale yanayoacha ukungu mweupe kwenye ndoo, halafu unashangaa kutu. Mimi namalizia na ndoo moja ya maji ya bomba au ya mvua, nafuta kwa kitambaa, mara moja kwa mwezi napaka nta kwenye tanki na vyuma. Vile vya kung'arisha tairi sigusi kabisa, wala kwenye siti. Tairi la pikipiki unalala nalo kwenye kona, ulipake mafuta ili iweje?

Jana jioni yule dogo alikuja kijiweni. Nikasimama, nikajua amekuja kwa shari. Amesikia nimemsema kwa bosi wake, akaja kuuliza kama ni kweli ile kitu inakula chuma. Nikamwambia nionyeshe mikono. Kucha za manjano, ngozi ya vidole inabanduka kama kitunguu, na miguuni kandambili. Anasema usiku vinawaka, anavichovya kwenye maji baridi ndio alale. Ana mwaka mmoja kazini. Glavu hajawahi kupewa. Nimempeleka zahanati asubuhi hii, daktari kamuuliza swali lilelile: asidi gani? Na yeye kajibu lilelile.

Kwa hiyo hasira zangu na yeye zimeisha. Na mwenye eneo bado. Na jamaa wa dumu, kama uko humu unasoma, nitajie jina la hicho unachouza, moja tu, nimpelekee daktari.

Mwenye rimu ya mbele ya cc 150 ya diski, iliyotumika ila haina mabaka, awe Temeke au Kariakoo, anicheki PM. Bei ya kishkaji tafadhali, nina wiki kumi.