Msukumo wa nyuma au fowili? Toyota 86 na Subaru WRX S4 kwa barabara zetu za Nairobi

RongaiUsiku · Jumatatu, saa 2:40 usiku

Wadau, hamjambo. Nina milioni nne na kidogo nilizodunduliza kwa miaka, na kabla hamjaniambia ninunue ploti Kitengela, ploti ninayo. Sasa nataka gari la kunifurahisha mimi mwenyewe. Nimechuja mpaka nikabaki na mawili, yote ya 2018, yote yameshasajiliwa hapa nchini: Toyota 86 ya gia za mkono, inayosukuma kwa nyuma, na Subaru WRX S4, fowili ya muda wote (magurudumu yote manne yanasukuma) yenye turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa.

Siku za kazi ni Rongai hadi Upper Hill na kurudi, foleni tupu. Raha yangu iko Jumapili alfajiri: Kiserian, Kona Baridi, hadi Olepolos, kisha nyumbani kabla malori hayajaamka.

Kila ninayemuuliza ananiambia "chukua fowili, ni salama". Salama kivipi? Na kwa mvua zetu hizi, gari la kusukuma nyuma ni kujitafutia makubwa?

Boxer_Kasarani · saa 2:52 usiku

S4, tufunge mjadala. Nguvu za farasi 300, torki (nguvu ya kusokota) 400, magurudumu yote manne yanafanya kazi. Hiyo 86 ina 207. Mvua ikinyesha Thika Road wewe unakanyaga tu, wenzako wanacheza densi. Na ile sauti yake, wacha tu.

NyamburaKlachi · saa 3:20 usiku

Kaka Boxer, sauti unayoiota ni ya zile za zamani zenye injini ya EJ na mabomba ya ekzosi yasiyolingana urefu. S4 ina injini ya FA20, hailii vile. Tusimuuzie mtu sauti ambayo haitoki.

Mimi nina 86, huu mwaka wa tatu. Nianze na ubaya wake, ule ambao hutausoma kwenye magazeti ya Ulaya. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia 15 hadi 18 ya nguvu zake hapa, kwa hiyo zile farasi 207 za kwenye karatasi, ukiwa Upper Hill, ni 170 na ushee tu. Turbo hujilipia sehemu kubwa ya pengo hilo, inazunguka kasi zaidi na kujaza hewa mpaka shinikizo lirudi karibu na linalotakiwa. Ndiyo maana S4 hapa Nairobi inaiacha 86 mbali kuliko inavyoiacha Mombasa. Mimi niliwahi kulishusha langu hadi Magadi mjini, ambako kimo ni kama mita 600, nikadhani mtu amenibadilishia injini usiku.

Kwa hiyo unapoyalinganisha haya mawili, hulinganishi nyuma na fowili peke yake. Unalinganisha pia injini inayohema kwa mapafu yake na injini yenye pampu. Watu wengi wanaosema "fowili ina nguvu" wanaisifia turbo bila kujua.

Uzuri sasa. 86 ina uzito wa kilo 1,240 hivi, S4 inakaribia 1,540. Hizo kilo 300 ni watu wazima wanne ambao hawashuki garini kamwe. Na magurudumu ya mbele ya 86 yana kazi moja tu, kukata kona. Hayavutwi na injini. Kwenye zile kona za baada ya Kona Baridi unaisikia lami kwenye usukani mpaka changarawe moja moja. Kwa mwendo wa kilomita 70 nacheka peke yangu. Ndani ya S4 ya shemeji yangu nikiwa mwendo huohuo napiga miayo.

Halafu swali: unajua S4 haina gia za mkono? Japani ilitoka na CVT tu, ile otomatiki isiyo na ngazi za gia.

RongaiUsiku · saa 3:31 usiku

Sikujua hilo. Tangazo limeandika "otomatiki", nami nikadhani naweza kutafuta nyingine ya mkono. Dah.

Boxer_Kasarani · saa 3:35 usiku

Ya mkono ni WRX STI, ndugu yake S4, na bajeti yako hiyo itakupa STI iliyokwishapigwa. Lakini CVT kwenye foleni ya Lang'ata Road ni baraka, usidharau. Nyambura atuambie goti lake la kushoto linaendeleaje.

NyamburaKlachi · saa 3:38 usiku

Goti linalia kila Ijumaa jioni. Sikatai.

FundiBabaDogo · Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Kijana, mmeongea usiku kucha na lile swali lako la "salama kivipi" mkaliruka. Nitalijibu mimi kabla sijafungua gereji.

Tairi lina mshiko wa kiasi. Chukulia kila tairi limepewa shilingi mia. Matumizi yake ni matatu: kuondoka, kufunga breki, kukata kona. Ukimaliza themanini kwa kukanyaga mafuta, kona inabaki na chenji. Gari la kusukuma nyuma hutoa pesa yote ya kuondokea kutoka kwa matairi mawili. Fowili hufanya mchango, manne yote yanatoa kidogo kidogo. Ndiyo maana siku ya mvua, mlima, taa ikiwa kijani, S4 inaondoka kana kwamba hakuna kilichotokea huku 86 ikiwasha ile taa ya kuteleza kwenye dashibodi. Hapo fowili imeshinda, sibishani na mtu.

Sasa njoo kwenye breki. Kila gari, kuanzia Probox, hufunga breki kwa magurudumu manne. S4 haina gurudumu la tano la kusaidia, na ni zito zaidi. Kwenye kona ukiwa umeachia mafuta, ile fowili haikufanyii lolote, ni matairi na uzito tu. Hatari yake iko hapo: inakufikisha mwendo wa 110 kwenye lami iliyolowa bila kukunong'oneza kitu. Gari la nyuma hukutingisha kitako mapema, ukiwa bado polepole, ukajua leo lami si rafiki. Fowili hunyamaza mpaka ufike konani. Magari yaliyopondeka yanayoletwa kwangu nayasoma kama kiganja: ya fowili mengi yameumia pua, ya kusukuma nyuma yameumia ubavu na kitako.

Na lingine, kwa sababu kila wiki lazima niambiwe "nachukua fowili niweze kufika ushago". Fowili haikuongezei kimo. 86 na S4 zote ziko kama sentimita 13 kutoka chini. Tuta la mtaani kwako halitauliza magurudumu mangapi yanasukuma.

MarkX_Mtaani · saa 4:05 asubuhi

Niongeze la kwangu, ingawa si la kujivunia. Nina Mark X ya 2.5, gari la watu wazima, na nilikaa mwaka mzima bila kujua linasukuma nyuma. Msicheke, wengi wenu hamjui ya kwenu. Mvua ya kwanza ya Machi, ile inayokuta vumbi na mafuta ya miezi mitatu yamelala barabarani, nikawa natoka mzunguko wa Limuru Road. Nikakanyaga kidogo tu nikiwa bado nimepinda usukani. Kitako kikanipita. Nikajikuta natazamana na basi nililokuwa nimelipita dakika moja kabla, na dereva ananiangalia kwa huruma.

Nilitaka kuliuza wiki ileile. Fundi akaniinamisha nione matairi ya nyuma: yalikuwa ya mitumba, magumu kama kwato. Nikaweka manne mapya, na mvua za mwaka uliofuata sikuona kitu. Gari ni lilelile, difu ni ileile.

Na kama kusukuma nyuma ni ujinga, basi tuwaulize matatu. Hiace karibu zote za mjini zinasukuma nyuma, watu 14 na mizigo, matope ya Aprili, na zinafika kabla yako.

Mzee_wa_Datsun · saa 6:30 mchana

Wanangu, mnanikumbusha mbali. Sisi tulikuwa tunasimama kando ya barabara Pasaka, matope mpaka magotini, tunangoja Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mara tano, 1973 kwa Datsun 240Z, kisha miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982. Joginder Singh alishinda 1974 na 1976 kwa Lancer. Zote hizo zilikuwa zinasukuma nyuma, ndani ya matope ambayo leo S4 yenu ingezama mpaka milangoni.

Audi walileta quattro, fowili yao, kwenye mashindano ya dunia mwaka 1981, na kwingine wakawatia watu adabu mapema. Hapa kwetu walingoja. 1984, 1985, 1986, Toyota Celica za kusukuma nyuma ndizo zilizobeba kombe, kwa sababu Safari ya zamani ilikuwa inaua magari, na gari lenye vitu vichache lilikuwa na vichache vya kuvunjika. Hadi 1987 ndipo Hannu Mikkola akaja na Audi 200, ile kubwa kama ya waziri, fowili ikashinda Safari kwa mara ya kwanza. Baada ya hapo mlango ulifungwa. Hata iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 kule Naivasha, zinazopigania nafasi ya kwanza ni fowili watupu.

Lakini wale wanashindana na saa. Wewe Jumapili alfajiri unashindana na nani, kijana wangu?

RongaiUsiku · saa 6:48 mchana

Mzee shikamoo. Nashindana na malori tu.

Impreza_Juja · saa 11:20 jioni

Hakuna aliyezungumzia mfuko. Mimi nina Impreza WRX ya zamani, gia za mkono. Nilipata pancha mbili za ubavuni kwa shimo moja, nikanunua matairi mawili mapya nikayaweka mbele, ya nyuma nikaacha yaliyokuwa yameisha nusu. Nikajiona mjanja. Tairi jipya ni nene, mzunguko wake ni mrefu kuliko wa lililoisha, kwa hiyo mbele na nyuma zikawa hazizunguki sawa na difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ikafanya kazi ya kusuluhisha ugomvi huo kila sekunde, kila siku. Baada ya miezi michache gari likawa linagoma-goma kwenye maegesho, ukipinda usukani hadi mwisho linaruka kama linafungwa breki. Difu ya kati ilikuwa imekwisha. Pesa niliyookoa kwa matairi mawili haikufika hata nusu ya ile ya fundi.

Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya matairi isizidi milimita 6 hivi. Maana yake ukiharibu moja, jiandae kununua manne. Mwenye 86 ananunua mawili, anaenda nyumbani.

FundiBabaDogo · saa 12:10 jioni

Impreza amesema kweli. Niongeze: S4 ikikuzimikia njiani, usikubali kijana wa gari la kuvuta ainyanyue mbele na kuburuta nyuma. Lazima ibebwe yote juu ya lori. Wakikunyanyulia upande mmoja, mtafika gereji mkiwa na ugonjwa wa pili.

Boxer_Kasarani · saa 1:30 usiku

Sawa, mmenishambulia vya kutosha. Nibaki na moja tu. Mimi hupeleka mama Kinangop kila mwezi. Ukungu, mvua, kipande cha mwisho hakina lami. Naenda na kurudi bila kuwaza. Nyambura na 86 yake angelala njiani mwezi wa nne. Na hata hiyo S4 huegemea nyuma, hupeleka asilimia 45 mbele na 55 nyuma, haisukumwi kwa pua kama mnavyodhani.

NyamburaKlachi · saa 1:44 usiku

Kwa safari hiyo ya Kinangop uko sahihi, ningechukua S4 bila kufikiri. Lakini Rongai hana mama Kinangop. Ana foleni siku tano na kona siku moja.

RongaiUsiku, ukichukua 86, jua haya. Ilitoka kiwandani na Michelin Primacy za inchi 17, tairi la kawaida la kubana mafuta, wakitaka makusudi gari liteleze kwa mwendo mdogo. Ni raha kwenye uwanja mkavu. Kwa mvua ya Nairobi weka tairi lenye mshiko mzuri kwenye maji, upana uleule. Ile VSC, mfumo wa kuzuia gari kuteleza, usiizime barabarani hata siku moja, uwe na marafiki garini au usiwe nao. Ukitaka kuona kitako kinavyotoka, subiri siku za mbio kule Whistling Morans, Athi River, ulipie, uteleze kati ya koni. Saa moja pale itakufundisha kuliko mwaka mzima wa Magadi Road.

FundiBabaDogo · saa 2:00 usiku

Unaenda kuona lipi kwanza?

RongaiUsiku · saa 2:03 usiku

86, Jumamosi. S4 nitaipitia jioni nikiwa na mtu wa kuniambia ukweli.

FundiBabaDogo · saa 2:09 usiku

Vizuri. Kabla ya boneti, inama kwenye matairi. Ubavuni kuna tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Soma yote manne, uniletee hapa.

RongaiUsiku · Jumamosi, saa 7:25 mchana

Nimetoka kuliona. Rangi safi, klachi safi, linavuta vizuri kwa kimo chetu, na ile kona ya kutoka gereji yao nimecheka kama Nyambura. Matairi manne, chapa tatu. Mawili ni ya 2022, moja la 2020, na la nyuma kushoto limeandikwa 0916. Muuzaji anaapa ndiyo yaliyotoka nayo Japani.

FundiBabaDogo · saa 7:31 mchana

Gari la 2018, tairi la 2016. Mtoto amemzidi mama umri. Mwambie apunguze bei ya matairi manne, kisha nipigie.